Adhuhuri si saa sita: neno lililomchelewesha mzee wa Kasigau

Kosa lilikuwa langu, na ni vyema nilikiri mapema kabla sijaanza kusahihisha Kiswahili cha wengine, kama ilivyo desturi yetu sisi waandishi wa safu hizi.

Miaka kadhaa iliyopita, ofisi moja mjini Voi iliniomba niwatafsirie barua ya mwito. Kulikuwa na kikao cha kusikiliza malalamiko ya mashamba, na wengi wa wazee walioitwa hawakuwa na haja na Kiingereza. Barua ya asili ilitaja saa sita kamili za mchana. Mimi, kwa kutaka lugha ipendeze, nikaandika "adhuhuri". Nililiona neno lenye hadhi, neno la kitabuni. Saa sita kila mtu anasema, adhuhuri, je?

Mzee mmoja kutoka Kasigau alipanda matatu alfajiri, akashuka Voi mapema, akajipumzisha kwenye baraza ya msikiti. Ilikuwa mwezi wa Februari na jua lilikuwa halicheki na mtu. Adhana ilipotolewa aliswali na wenzake, akavaa viatu, akavuka barabara hadi ofisini. Saa ya ukutani ilisema saa saba na dakika kumi. Jina lake lilikuwa limekwisha kuitwa mara tatu na kupigwa mstari. Faili yake ikasukumwa hadi kikao kingine, miezi minane mbele.

"Mwalimu, barua imesema adhuhuri," aliniambia tulipokutana langoni, karatasi ingali mkononi. "Mimi sikuja kabla, sikuja baada. Nimekuja adhuhuri."

"Pole, mzee wangu," nikamjibu. Nilikosa la ziada, kwa sababu alikuwa amesema kweli tupu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifuatilia neno hili. Nilichogundua ni kwamba Kiswahili hakina jina moja la wakati huo wa katikati ya siku. Kina majina manne au matano, kila moja na asili yake, na hayakuwahi kumaanisha kitu kimoja. Ni sisi tulioyafunga pamoja kama kuni.

Tuanze na hilo la mzee. Adhuhuri limetoka kwa neno la Kiarabu lenye mzizi wa herufi tatu, dha, ha na ra. Ni mzizi huohuo uliotupa "dhahiri" na "dhihirisha". Wengi wetu tunayatumia maneno haya kila siku bila kujua kwamba ni ndugu: adhuhuri ni wakati ambapo jua limedhihirika, halina pa kujificha. Tena tazama umbo lake. Kwa nini tunasema alfajiri na alasiri, zote zikianza na "al", lakini hatusemi "aldhuhuri"? Jibu liko katika sarufi ya Kiarabu, ambayo hugawa herufi zake mafungu mawili, herufi za mwezi na herufi za jua. Mbele ya herufi ya mwezi, "al" hubaki ilivyo. Mbele ya herufi ya jua, ile "l" humezwa na herufi inayofuata. Herufi inayoanza neno la adhuhuri ni ya jua. Ile ya asubuhi pia, ndiyo maana hatusemi "alsubuhi". Wahenga wetu wa pwani hawakuyaokota maneno haya vitabuni, waliyapokea kwa sikio jinsi yalivyotamkwa. (Isha na magharibi yaliingia bila "al" kabisa. Lugha haina adabu ya kufuata mstari.)

La muhimu zaidi ni maana. Katika sheria ya swala, adhuhuri haianzi jua likiwa kileleni. Huanza jua likishapinda, yaani likivuka kilele na kuanza kuelekea magharibi, na huendelea hadi alasiri inapoingia. Lile jua likiwa kileleni kabisa ni wakati wa kujizuia kuswali. Kwa hiyo adhuhuri, kwa watu waliotuletea neno lenyewe, ni kipindi cha saa kadhaa na hakina nukta. Mtu akikwambia "njoo adhuhuri" amekupa muda mrefu, na hakuna hata sekunde moja ya muda huo inayotangulia jua kupinda.

Saa sita nayo ni hadithi nyingine. Maneno yote mawili ni ya Kiarabu, saa na sita. Sita hii ilimsukuma kando mwenyeji, "tandatu", ambaye leo unamkuta katika tenzi za kale na lahaja chache. Lakini hesabu yenyewe, ya kuanzia jua linapochomoza, si ya Waarabu pekee. Waethiopia wanahesabu hivyo hadi leo. Warumi wa kale walihesabu hivyo pia: saa yao ya sita ilikuwa jua kuwa kileleni, na walipoiita kwa Kilatini, "hora sexta", Wahispania wakarithi neno "siesta", usingizi mfupi wa baada ya chakula cha mchana. Mhispania anayekwenda kulala siesta, basi, anakwenda kulala "saa sita". Akifika Voi tutaelewana bila mkalimani.

Kaskazini zaidi mambo yalivurugika. Neno la Kiingereza "noon", na ndugu yake wa Kiskoti cha kale lililoandikwa "none" au "nune", linatokana na saa ya tisa ya Warumi, "nona". Saa tisa! Yaani wakati ambao sisi tunaita alasiri. Kwa karne kadhaa neno hilo liliburutwa kurudi nyuma, likaja kutua katikati ya siku. Sababu inayotajwa mara nyingi ni kwamba swala na mlo vilivyofungamana na saa ya tisa vilisogezwa mapema. Waskoti wakawa na jina jingine pia, "twal-hours", saa kumi na mbili, walilotumia kwa wakati huo na kwa kitu kidogo cha kutia kinywani wakati huo. Wao walihesabu kuanzia usiku wa manane. Sisi kuanzia macheo. Jua ni lilelile, mmoja analiita sita na mwingine kumi na mbili.

Nasi tumejaribu kukiita chakula kwa jina la wakati. Vitabu vya shule vinatufundisha "chamcha", chakula cha mchana. Nimekula katika hoteli nyingi za Voi, kuanzia stendi hadi karibu na stesheni, na sijamsikia hata mtu mmoja akiagiza chamcha. Husema lanchi, au husema tu, "Leta wali na maharagwe."

Mchana, kwa upande wake, ni mwenyeji wa Kibantu na ndugu zake wametapakaa. Waganda huuita mwanga wa jua "omusana". Kule Malawi, Wachewa husema "masana". Tatizo la mchana ni unono wake. Ukisema "usiku na mchana" umebeba nuru yote kutoka macheo hadi machweo. Ukisema "asubuhi, mchana na jioni" umelibana katikati. Neno moja, vipimo viwili. Hapo ndipo tulipoanza kuhitaji majina mengine ya kulitia kikomo: katikati ya mchana, saa sita mchana, jua la utosi.

Hili la jua la utosi ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu halikuomba ruhusa kwa saa wala kwa kitabu. Linahitaji kichwa na jua tu. Mwaka 1847 Johannes Rebmann, mmishonari Mjerumani aliyekuwa Rabai, alifika Kasigau, kwa mzee wetu, na mwaka uliofuata akapita Taita tena kwenda Uchagani akiongozwa na Bwana Kheri. Inasemekana silaha yake ilikuwa mwavuli. Watu walicheka, lakini mtu aliyevuka nyika ya Taru kwa miguu angemwelewa. Misafara ilizoea kuamka gizani na kutafuta kivuli kabla jua halijafika utosini. Hapakuwa na haja ya dakika.

Dakika zilikuja na reli. Njia ya reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Voi mwishoni mwa mwaka wa 1897, na gari la moshi halingojei kivuli. Ndipo saa sita ya jua ilipoanza kutengana na saa sita ya chuma, na hapa naomba msomaji anivumilie kwa hesabu kidogo, maana ndiyo iliyomnyima mzee kikao.

Saa za Kenya leo zinatangulia zile za Greenwich kwa saa tatu kamili. Saa tatu ni sawa na longitudo ya digrii 45 mashariki, na mstari huo unapita karibu kabisa na Mogadishu. Kwa maneno mengine, saa zetu za mkononi zinafuata jua la Mogadishu. Voi iko kwenye digrii 38 na nusu hivi. Jua huhitaji dakika nne kuvuka kila digrii, kwa hiyo kwa wastani hufika kileleni Voi saa sita na dakika 26. Nasema kwa wastani kwa sababu hubadilika: mwanzoni mwa Novemba huwahi, kama saa sita na dakika 10, na katikati ya Februari huchelewa hadi saa sita na dakika 40. Mara mbili tu kwa mwaka, karibu na tarehe 12 Machi na tarehe 1 Oktoba, jua la Voi husimama utosini kweli kweli, na kijiti kilichosimama wima hakina kivuli. Hata siku hizo, saa sita ya ukutani huwa imeshapita.

Haikuwa hivi siku zote. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahi kutumia saa mbili na nusu mbele ya Greenwich. Kwa hesabu hiyo jua la Voi lilifika kileleni saa sita kasoro dakika nne. Baadaye robo saa ikaongezwa, kisha robo nyingine. Mtoto aliyekua Voi wakati huo aliona saa sita na jua la kichwani vikienda pamoja, na adhuhuri ikifuata nyuma yake bila kukawia.

Sasa rudi kwenye baraza ya msikiti, Februari. Saa ya ofisi inagonga sita, jina linaitwa. Jua bado linapanda. Dakika 40 baadaye linapinda, mwadhini anaadhini, na mzee anasimama kutawadha. Kwa lugha ya barua niliyoandika mimi, ofisi ndiyo iliyowahi mno.

Wapo watakaoniambia kwamba lugha hubadilika, na kwamba adhuhuri sasa ni saa sita, basi. Sibishani nao wakiandika shairi. Katika barua ya mwito, tangazo la mnada au cheti cha daktari, nabishana. Saa sita ni ya saa, iandikwe hivyo. Adhuhuri ibaki na kipindi chake kipana, kama wenyewe wanavyoijua.

Barua ya pili, ya Oktoba, niliitafsiri pia. Niliandika: saa sita kamili za mchana, kwa saa ya ofisi. Mzee alifika saa nne asubuhi, akakaa chini ya mwarobaini uliokuwa uani. Kila nilipopita aliinua kidole kuonyesha kivuli cha shina, akaniuliza, "Mwalimu, hii leo ni ya ukutani au ya juu?"