Saini ya Ardhi Katanga

Mnamo 1891, Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II iliiahidi Compagnie du Katanga theluthi moja ya ardhi ya dola katika eneo la Katanga. Ardhi hiyo iliitwa tupu, ijapokuwa ndani yake mlikuwa na mawindo na mashamba yaliyopumzishwa. Desemba mwaka huohuo, msafara wa kampuni uliotokea Zanzibar ukamuua Msiri, mfalme wa eneo hilo, huko Bunkeya.

Vipande vya dola na vya kampuni vilipishana kama miraba ya ubao wa drafti, na kuvisimamia kukawa taabu. Tarehe 19 Juni 1900 ikaundwa Comité Spécial du Katanga, CSK, yenye wajumbe 6: 4 wa dola na 2 wa kampuni. Mapato yaligawanywa kwa mafungu matatu, mawili ya dola na moja la kampuni. CSK ilikabidhiwa ardhi, madini, utawala na hata polisi. Mwaka 1910 Ubelgiji, iliyokuwa imeirithi dola hiyo, iliutwaa utawala, lakini ardhi na madini vikabaki kwa CSK. Mwaka huohuo ulianzishwa mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo.

CSK ilivunjwa Juni 1960, siku chache kabla ya uhuru wa Kongo. Sheria ya Bakajika ya 7 Juni 1966 iliirudishia Serikali haki zote za ardhi na madini, na sheria ya 20 Julai 1973 ikaifanya ardhi yote kuwa mali ya Serikali isiyouzwa. Mtu hupewa haki ya kuitumia tu: ya kudumu kwa Mkongo, au ya miaka 25 inayoweza kurefushwa.

Sheria hiyo iligawa mamlaka ya kusaini mikataba ya haki hizo kwa ukubwa wa ardhi. Mjini, gavana wa mkoa husaini hadi hekta 10, waziri hadi 50. Zaidi ya hapo mkataba huhitaji idhini ya Rais, na kuanzia hekta 100 huhitaji sheria. Gavana anaweza kumwachia mhifadhi wa hati viwanja visivyozidi nusu hekta.

Katiba ya 2006 iliziweka haki za ardhi katika mamlaka ya pamoja ya taifa na mikoa, na kuipa mikoa kazi ya kutoa na kutunza hati kwa kufuata sheria ya taifa. Kwa hiyo mwenye parseli katika mtaa wa Hewa Bora, Lubumbashi, hupata hati yake mjini humohumo, ila mwenye ardhi ni Serikali.