Wikendi za Watts

Mwanafunzi wa filamu asiye na fedha hajengi studio. Anabeba kamera na kwenda mahali anapopajua. Kwa Charles Burnett, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), mwanzoni mwa miaka ya 1970, mahali hapo palikuwa Watts. Alizaliwa Vicksburg, Mississippi, mwaka 1944, lakini alikulia Watts, miongoni mwa familia za watu weusi zilizohama majimbo ya Kusini kutafuta kazi.

Wamarekani wengine waliijua Watts kwa siku chache tu za Agosti 1965, ghasia zilipoua watu 34. Wapiga picha walikuja kufuata moto, na moto ulipozimika wakaondoka.

Burnett alikwenda wikendi. *Killer of Sheep*, filamu ya kuhitimia shahada yake ya uzamili, aliiandika, akaiongoza, akaipiga na kuihariri mwenyewe, kwa mkanda wa milimita 16, nyeusi na nyeupe. Gharama yake haikufika dola 10,000. Waigizaji wengi hawakuwa na uzoefu wowote. Walikuwa watu wa mtaani.

Stan anafanya kazi machinjioni na usingizi umemkimbia. Watoto wanaruka kutoka paa hadi paa na kurushiana mawe karibu na reli. Stan na rafiki yake wananunua injini ya gari iliyotumika, wanahangaika nayo ngazini, wanaipakia kwenye pikapu. Gari linaondoka, injini inaanguka na kuharibika. Hakuna anayehubiri kuhusu umaskini. Zile ngazi na ile barabara zimeshasema.

Kushika kamera mtaani kulikuwa na hatari yake. Haile Gerima, Mwethiopia aliyesoma UCLA wakati huohuo, alitengeneza *Bush Mama*, na Burnett alikuwa mmoja wa wapiga picha wake. Filamu hiyo inapoanza tunawaona polisi wakiwasimamisha na kuwapekua watu weusi. Si maigizo. Ni polisi wa kweli wa Los Angeles, na waliosimamishwa ni kikundi cha filamu chenyewe. Gerima hakuitupa picha hiyo, aliiweka mwanzoni.

Burnett alimaliza *Killer of Sheep* mwaka 1977. Mtaa ulikuwa umempa sura zake, paa zake na watoto wake. Kikwazo kikawa nyimbo. Alikuwa ametumia sauti za Dinah Washington, Paul Robeson na wengine bila kulipia haki, kwa hiyo filamu haikuweza kuingia kwenye kumbi za biashara. Mwaka 1990 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa kama urithi wa taifa, na bado mtu wa kawaida hakuweza kuikatia tiketi kwenye kumbi za biashara. Ilitoka mwaka 2007, baada ya haki za muziki kulipiwa takriban dola 150,000, zaidi ya mara 15 ya gharama ya kuitengeneza.

Wale watoto wa juu ya paa sasa ni watu wazima wenye mvi. Picha za Watts ikiwaka ziko tele kwenye hifadhi za habari. Za Watts ikianika nguo, ikicheza, ikibeba injini, tunazo kwa sababu mwanafunzi mmoja alipaona kwao kuwa panafaa kupigwa picha hata siku isiyo na moto.