Mafahali wawili, zizi moja

Leo nawadondoshea kidogo historia ya kompyuta.

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Watu wa Python waliuona msemo huo kwa macho. Lugha hii ya Guido van Rossum ilitoka 1991, Python 2 ikaja 2000. Desemba 2008 ikatoka Python 3, balaa likaanza: programu nyingi za zamani ziligoma kwenye mpya. Mfano mdogo: 7/2 kwenye Python 2 jibu ni 3, kwenye Python 3 ni 3.5. Hebu fikiria wastani wa wanafunzi umepigwa hivyo...

Si ungefuta tu ya zamani? Thubutu! Kwenye CentOS, yum inayoingiza programu nayo iliandikwa kwa Python 2. Ukiifuta, umekata tawi ulilokalia.

Dawa ikawa kila fahali na zizi lake. Tayari 2007 Ian Bicking alitoa virtualenv: kila kazi na folda yake, vifurushi vyake. 2012 Python 3.3 ikaja na venv ndani yake. Ikaja pia pyenv, iliyotokana na rbenv ya watu wa Ruby, inayoweka matoleo kamili hata kumi. Siri yake nyepesi: ukiandika python, kompyuta hupekua folda kwa mpangilio, na ya kwanza kukutwa ndiyo inaitika. Badili mpangilio, umebadili toleo.

Python 2 ilipangiwa kustaafu 2015, ikaongezewa muda, ikaachwa rasmi 1 Januari 2020. Miaka 11 walikaa pamoja!

Sisi walimu watarajiwa tunalijua hili. Januari 2024 darasa la kwanza na la tatu walianza mtaala mpya, la pili na la nne wakabaki na wa zamani. Shule moja, mitaala miwili, na hakuna mtoto aliyefutiwa alichosoma.

Nikija kupangiwa shule huku kwetu Kasoli na kompyuta ikawa moja tu, sitaki kazi ya mwenzangu ife ili mimi nifundishe kitu kipya. Nitapakua mara moja nikiwa na bando, nitenge folda, kila mtu aendelee na lake hata mtandao ukikata.