Demani

demani *nm* [i-/zi-]

1. Kamba iliyofungwa kwenye pembe ya nyuma ya tanga, ambayo baharia huikaza au kuilegeza ili kulirekebisha tanga kulingana na upepo: *Shika demani, upepo unazidi.*

2. (upande wa demani, demanini) Upande wa chombo ambao upepo unaelekea. Kinyume cha goshini: *Hamisheni mizigo kutoka demanini.*

3. Majira ya upepo mpole wa kusini, takriban kuanzia mwisho wa Agosti hadi Novemba, kusi inapopoa: *Watasafiri demani ikiingia.*

Asili. Neno hili linahusishwa na *dāman* la Kiajemi, lenye maana ya pindo la vazi.

Matumizi

Mkaazi wa Utete, juu ya mto Rufiji, anaweza kuishi na vyombo kila siku bila kulihitaji neno hili, kwa kuwa mtumbwi huendeshwa kwa kasia au pondo. Akishuka hadi deltani, upande wa Kibiti, na kufika Nyamisati, mahali pa kuvukia kwenda Kilindoni katika kisiwa cha Mafia, mambo hubadilika. Katika chombo cha tanga, demani ndiyo kamba isiyotoka mkononi.

Vitenzi viandamanavyo nayo ni *kaza*, *vuta*, *shika*, *legeza* na *achia*. *Tweka* na *tua* ni vitenzi vya tanga lenyewe na foromali yake: tanga hutwekwa kwa jarari, kisha hurekebishwa kwa demani.

Kupanga upya demani

Katika chombo kidogo, demani hutoka kwenye pembe ya tanga moja kwa moja hadi mkononi, karibu na shetri. Upepo ukiwa mkali, mtu mmoja huchoka upesi. Njia mojawapo ya kumpunguzia kazi ni kufunga kapi kwenye pembe ya tanga. Ncha moja ya kamba hufungwa chomboni, kamba hupitishwa katika kapi, kisha hurudi mkononi. Nguvu inayohitajika hupungua hadi karibu nusu, lakini kuivuta pembe mita 1 hutaka mita 2 za kamba. Kwa hiyo demani huwa ndefu zaidi, na kuilegeza huchukua muda mrefu zaidi.

Mahali inapofungwa chomboni pia pana maana. Ikisogezwa mbele, mvuto huelekea chini zaidi, na sehemu ya chini ya tanga hupata tumbo. Ikisogezwa nyuma, sehemu hiyo hunyooka na ya juu hulegea. Kwa vyovyote, demani haifungwi fundo gumu, kwa sababu ni lazima iweze kuachiwa mara moja.

Makosa ya kuepuka

*Fungua tanga* badala ya *legeza demani*. Hili ndilo kosa la hatari zaidi katika miongozo ya usalama iliyofasiriwa. Dhoruba ya ghafla inapopiga, baharia hulegeza demani ili tanga limwage upepo. *Kufungua tanga* hueleweka kuwa ni kulikunjua, yaani kuupa upepo nafasi kubwa zaidi, na anayelitii agizo hilo huweza kukipindua chombo.

*Shuka* kwa maana ya demani. Ni tafsiri ya neno la Kiingereza ambalo kwao lina maana zote mbili. Katika Kiswahili, shuka ni ya kitandani au ya kujitanda.

*Kamba ya tanga*. Si kosa la lugha, ila haitoshelezi, kwani jarari nayo ni kamba ya tanga. Mwandishi anayehofia kuwa msomaji hajui neno aandike mara ya kwanza *demani, yaani kamba ya kukaza na kulegeza tanga*, kisha aendelee na *demani* peke yake.

*Wakati wa demani* ni majira. Kwa kamba, sema *wakati wa kukaza demani*.

Linganisha: goshi (pia joshi), jarari, foromali, kapi, bisha, kisi.