Mgandamizo wa hewa wafichua nyufa za Mlima Yucca

MLIMA Yucca, ulioko katika jangwa la Nevada nchini Marekani, ni mgongo mrefu wa miamba usiovutia macho. Hata hivyo, mwaka 1987 Bunge la nchi hiyo liliamua kuwa ndiko pekee kufanyiwe uchunguzi wa mahali pa kuzika taka hatari za vinu vya nyuklia. Hifadhi ilipangwa kuwa mita 300 hivi chini ya ardhi, na umbali unaokaribiana na huo juu ya usawa wa maji ya ardhini.

Swali lililowakabili wanasayansi lilikuwa moja: je, mlima huo ni chungu kilichofunikwa, au ni chekeche? Baadhi ya taka hizo hutoa kaboni-14, ambayo huweza kusafiri ikiwa gesi. Kama miamba inapitisha hewa kwa urahisi, gesi hiyo ingeweza kupanda hadi juu.

Njia ya kawaida ya kupima ni kuchoronga shimo, kuziba sehemu yake na kusukuma hewa ndani. Lakini kipimo hicho huhusu mita chache tu za mwamba, na mpasuko mkubwa ulio hatua kadhaa pembeni hauonekani. Ndipo ilipofaa njia nyingine, ambayo Edwin Weeks wa Idara ya Jiolojia ya Marekani aliieleza katika chapisho la mwaka 1978: kuiacha anga yenyewe ifanye kazi ya pampu.

Mgandamizo wa hewa hautulii. Kila siku hupanda na kushuka kwa milibari chache, ukifikia vilele karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku (jambo ambalo huonekana wazi zaidi kwetu sisi tulio karibu na Ikweta). Mifumo ya hali ya hewa nayo huubadilisha kwa milibari 10, 20 au zaidi katika muda wa siku kadhaa. Mabadiliko hayo huzama ardhini kama wimbi. Vipima mgandamizo vikiwekwa katika shimo kwa vina mbalimbali, na nafasi kati yake zikazibwa, huonyesha mambo mawili: wimbi limechelewa kwa muda gani, na limepungua kwa kiasi gani. Mwamba wenye nyufa nyingi hulipitisha upesi. Mwamba uliofungana hulidhoofisha. Wimbi la siku moja hufifia mapema, ilhali lile la siku nyingi hufika mbali zaidi.

Huko Yucca, tabaka la juu ni majivu ya volkano yaliyoungana kwa joto na kujaa nyufa. Humo wimbi lilishuka karibu bila kizuizi. Chini yake kuna tabaka la majivu yasiyoungana, lenye vinyweleo na unyevu mwingi zaidi, na hapo ndipo lilipopungua na kuchelewa sana. Chini zaidi kuna tabaka jingine lenye nyufa, ambalo lilionyesha mgandamizo unaokaribiana toka juu hadi chini. Tabaka la kati, kwa hiyo, ndilo lililokuwa kifuniko.

Kisha likaja jaribio ambalo hakuna maabara ingeweza kulifanya. Kati ya mwaka 1994 na 1997 mashine kubwa ilichimba handaki la karibu kilomita 8 ndani ya mlima. Handaki lilipotoboa kifuniko hicho, hewa ya nje ilipata mlango. Mashimo kadhaa yaliyokuwa pembeni ya njia yake yakaanza kupokea wimbi mapema na kwa nguvu kuliko awali. Watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley, waliokwisha kutabiri mabadiliko hayo kwa modeli za kompyuta, walilinganisha utabiri na vipimo, kisha wakasahihisha makadirio yao ya upenyevu wa tabaka na wa mipasuko. Kwa maoni ya mwandishi, hilo ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote, kwani modeli iliyotabiri kabla huaminika kuliko iliyorekebishwa baada ya tukio.

Njia hii ina mipaka. Kinachopatikana moja kwa moja ni uwiano kati ya upenyevu na nafasi iliyojaa hewa ndani ya mwamba. Hivyo ni lazima nafasi hiyo ijulikane kutokana na sampuli. Aidha, maji hukaa kwanza katika vinyweleo vidogo, na hewa hupita katika nyufa zilizo wazi. Mahali panapopitisha hewa vizuri si lazima pawe njia ya maji, ingawa palistahili kutiliwa shaka.

Bunge liliidhinisha Yucca mwaka 2002 na maombi ya leseni yakawasilishwa mwaka 2008, lakini serikali ya Rais Barack Obama ilisimamisha mradi huo kuanzia mwaka 2010. Taka zilizokusudiwa kuzikwa humo zimebaki katika vituo vya umeme vilivyozizalisha, katika majimbo mengi ya nchi hiyo.