Mlango Namba 135

Jumatatu ya Agosti 11, 2003, kisanduku kidogo kilianza kujitokeza katikati ya skrini za kompyuta, Marekani, Ulaya na kwingineko. Kilitangaza kwamba mashine itazimika baada ya sekunde 60, na namba zikaanza kushuka: 59, 58, 57. Mwenye kompyuta akiiwasha upya na kurudi kwenye intaneti, kisanduku nacho kilirudi. Hakuwa amefungua barua pepe ya ajabu wala kupakua mchezo wa wizi. Kompyuta yake ilikuwa hewani, basi.

Aliyebisha hodi ni Blaster, mnyoo wa kompyuta: programu inayojinakili yenyewe kutoka mashine moja hadi nyingine bila kubofywa na mtu. Alipita mlango namba 135, mojawapo ya milango isiyoonekana ambayo kompyuta hupokelea maombi ya mashine nyingine. Ofisini mlango huo ulikuwa na kazi, kwa kuwa kompyuta za hapo zinafahamiana na mtandao wao una mlinzi. Lakini Oktoba 2001 Microsoft ilipotoa Windows XP, mfumo uliojengwa juu ya msingi wa kiofisi uliingia sebuleni kwa mara ya kwanza. Mlango ulihama na nyumba. Mlinzi alibaki ofisini.

Miaka michache nyuma, jambo hilo lisingeleta balaa kubwa kiasi hicho. Katika miaka ya 1990 watu wengi waliingia intaneti kwa modemu, kile kidude kilichopiga simu kwa milio ya kukwaruza masikio. Katika nchi nyingi kila dakika ililipiwa, na ndugu mmoja akiwa mtandaoni, mwingine hawezi kupiga simu. Hivyo mtu aliingia, akasoma barua zake, akakata. Bili ya simu ilikuwa askari asiyelipwa mshahara.

Kisha zikaja laini za kasi, kupitia nyaya za televisheni na nyaya zilezile za simu, zisizokatika usiku wala mchana. Julai 19, 2001 mnyoo Code Red alionyesha hatari ya laini hizo: aliambukiza kompyuta zaidi ya 359,000 kwa muda usiofika saa 14. Watafiti waliofuatilia nyayo zake waligundua kwamba nyingi kati ya hizo zilikuwa za majumbani na za biashara ndogo, ambako hakuna fundi wa kuzichunga.

Dawa ya Blaster ilikuwapo. Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu hilo Julai 16, 2003, karibu wiki nne kabla ya mnyoo kuanza kusambaa, ila wengi hawakukiweka. Waliozinduka baadaye walikwama: kiraka kilipatikana mtandaoni, na mara nyingi mashine ilijizima kabla hakijamaliza kushuka. Duka la dawa lilikuwa ng'ambo ya mto wenye mamba.

Mwaka uliofuata zamu ikawa ya mnyoo mwingine, Sasser, kazi ya kijana wa Kijerumani, Sven Jaschan, aliyeiandika akiwa na umri wa miaka 17. Kompyuta zao zilipokwama, walinzi wa pwani wa Uingereza walilazimika kurudia ramani za karatasi. Mwaka huohuo wataalamu wa Taasisi ya SANS ya Marekani walikadiria kwamba kompyuta ya Windows isiyo na viraka ingedumu kama dakika 20 tu mtandaoni kabla ya kushambuliwa.

Agosti 2004 Microsoft ilitoa sasisho kubwa la XP, Service Pack 2. Fayawoli, kinga inayokataa wageni wasioitwa, ilikuwamo ndani ya XP tangu mwanzo, lakini ikiwa imezimwa. Ni wachache waliojua ilipo. Sasisho hilo liliiwasha bila kumuuliza mtu. Ruta za nyumbani nazo zilisaidia, kwani ruta hupokea mawasiliano kutoka nje na kuyatupa yale ambayo hakuna kompyuta ya ndani iliyoyaomba.

Pwani ya Afrika Mashariki ilichelewa kuingia katika maisha hayo ya intaneti isiyokatika. Hadi kebo ya SEACOM ilipoanza kazi Mombasa na Dar es Salaam Julai 2009, intaneti ya huku ilitegemea zaidi setilaiti, kwa bei ya kuumiza. Wakati kebo inafika, mnyoo Conficker alikuwa ameshazunguka dunia kwa miezi minane, na hakutegemea laini peke yake: alisafiri pia ndani ya flashi, mfukoni mwa mtu.

Kufikia 2016 vitu visivyozimwa havikuwa kompyuta pekee. Mnyoo Mirai alitafuta kamera za ulinzi na ruta ambazo wenyewe hawakubadilisha nywila za kiwandani, akazijaribu kwa orodha ya majina na nywila takriban 60. Oktoba 21 jeshi la vifaa hivyo liliishambulia Dyn, kampuni iliyokuwa ikielekeza watu kwenye tovuti, na Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa katika sehemu za Marekani. Waundaji wa Mirai walikuwa vijana watatu wa Marekani waliojiingiza katika vita vya seva za mchezo wa Minecraft. Walikiri makosa mwaka 2017. Mwaka uliofuata, mahakama ya Alaska haikuwafunga. Iliwapa kifungo cha nje cha miaka mitano na saa 2,500 za kazi za jamii, wakiendelea kuisaidia FBI kuwasaka wadukuzi wengine.