Devil May Cry
Devil May Cry ni mchezo wa video wa mapigano, wa mchezaji mmoja, uliotolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwaka 2001 kwa mashine ya PlayStation 2. Mwongozaji wake, Hideki Kamiya, alianza kuutengeneza kama toleo la 4 la Resident Evil, mfululizo wa michezo ya kutisha, lakini ulivyozidi kuegemea mbwembwe za mapigano ukapewa jina na hadithi yake wenyewe. Dante, mwindaji wa mashetani, humrusha adui juu kwa upanga na kumzuia asianguke kwa risasi za bastola mbili, mbinu iliyochochewa, ajabu kidogo, na hitilafu ya programu iliyoonekana katika mchezo wa Onimusha. Umahiri hupimwa kwa herufi, kuanzia D hadi S, zinazopanda mapigo yanapofululizwa na kufutika mchezaji anapositasita.